UZI: Mtu mzima anayeanza kompyuta ukubwani, aanze na nini na kipi asihangaike nacho

#1 · Mtaa_wa_Pili

Wakuu, habari za jioni.

Tuuweke huu uzi kwa ajili ya wanaoanza kompyuta ukubwani. Mfano wa kujadilia ni huu: dada wa miaka 46, ana duka la pembejeo, simu anaiweza vizuri tu (WhatsApp, miamala, kutuma picha), lakini kompyuta hajawahi kuishika. Anachotaka ni kuandika barua, kuweka hesabu za duka, kupakia nyaraka kwenye mifumo ya serikali na kuprinti bila kumbembeleza kijana wa steshenari. Vyuo vya mtaani vinampa orodha ya miezi mitatu: Word, Excel, PowerPoint, Access, Publisher, intaneti.

Kompyuta bado hajanunua. Anunue ya namna gani, aanze na nini, na watu wazima hukwama wapi hasa? Naomba vitu vya kushika mkononi, siyo "aingie YouTube".

#2 · MwalimuJioni

Mkuu, Access na Publisher avifute leo hii. Publisher yenyewe Microsoft wameshatangaza kuiacha Oktoba 2026. PowerPoint atajifunza siku akiitwa kutoa mada.

Anayeiweza simu hapungukiwi akili ya teknolojia. Kupakua anajua, kutuma anajua, nywila anazo. Simu imemficha jambo moja tu: faili linakaa wapi. Kwenye simu picha ziko galari, sauti ziko WhatsApp, kila programu imefungia vitu vyake chumbani kwake. Kwenye kompyuta faili ni mzigo unaojitegemea, na programu ni chombo cha kuufungulia. Asipolielewa hilo ataandika barua nzuri leo na kesho haioni, halafu atasema kompyuta imeifuta. Kompyuta haijafuta kitu.

Kwa hiyo mpangilio ni mkono kwanza, kisha mafaili, ndipo Word, halafu Excel. Vidole anafanya kila siku pembeni, dakika 15 hadi 20, tangu siku ya kwanza.

Nianze na mkono, maana hapa ndipo watu wazima wanavunjika moyo na walimu vijana hawaoni shida iko wapi. Shida ni kubofya mara mbili. Mwanafunzi anabofya mara ya kwanza, kiganja kinasogea kidogo, anabofya mara ya pili mahali pengine. Hapo mambo matatu yanaweza kutokea. La kwanza, hakuna kinachofunguka. La pili, jina la faili linageuka kisanduku cha bluu chenye kialama kinachopepesa. Hiyo ina maana kabofya polepole mara mbili juu ya jina, na Windows imedhani anataka kulibadilisha. Abonyeze Esc. La tatu ndilo baya: folda inaburutwa na kutumbukia ndani ya folda ya jirani, anaona imepotea. Ctrl+Z papo hapo inairudisha.

Dawa yake: kifundo cha mkono kilale mezani, mausi ishikwe kwa kidole gumba na cha pete, na kidole cha shahada peke yake ndicho kicheze. Kama bado inasumbua, abofye mara moja kisha abonyeze Enter. Inafungua vilevile na wala siyo aibu. Wiki mbili za mwanzo atumie mausi ya waya hata kama ni laptop. Pedi ya kugusa ataizoea baadaye.

Mazoezi ya mkono: ile karata ya Solitaire. Microsoft waliiweka kwenye Windows 3.0 mwaka 1990, na inafundisha kubofya, kushikilia, kuburuta na kuachia kuliko mhadhara wowote. Nusu saa kwa siku nne inatosha.

Kwa anayefundisha: usimshikie mausi. Hata akichelewa, hata kama foleni inakungoja. Elekeza kwa mdomo: "juu kushoto, neno la kwanza". Ukiishika wewe, macho yake yataona na mkono wake hautajua kitu.

#3 · FundiMkongwe

Nizungumzie mashine.

Msimamo wangu: mwanafunzi mtu mzima asipewe mashine nzito eti "ya kujifunzia". Mashine nzito inamfundisha tabia mbaya. Anabofya, kimya, anabofya tena mara nne, baada ya dakika moja madirisha matano yanafunguka kwa pamoja na yeye hajui ametoka wapi.

Mtumba wa ofisini unatosha: HP EliteBook, Dell Latitude, Lenovo ThinkPad. Angalia mambo manne.

Prosesa. Soma namba, siyo stika ya nje maana stika zinabandikwa. Nenda Settings, System, About. Ukiona i5-8250U, tarakimu ya kwanza baada ya kistari ni kizazi: huyu ni wa 8. i5-6300U ni wa 6. Windows 10 iliachwa rasmi tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 kwa Intel inakubali kuanzia kizazi cha 8. Muuzaji atakwambia ya kizazi cha 6 "ina Windows 11". Inawezekana kabisa, lakini imeingizwa kwa mlango wa nyuma na Microsoft hawakuahidi kuiletea masasisho.

Diski. Iwe SSD (diski isiyo na kitu kinachozunguka), GB 256. Hapa ndipo tofauti kubwa ilipo. Mashine ya RAM GB 4 yenye SSD inawaka na kufungua Word haraka kuliko yenye GB 8 na diski ya kuzunguka. Ukiweza kupata vyote, RAM iwe GB 8.

Betri. Usikubali "inakaa masaa matatu". Bonyeza kitufe cha Windows na R, andika cmd, Enter, kisha andika:

powercfg /batteryreport

Itakwambia imehifadhi ripoti wapi. Ifungue kwenye kivinjari. Tafuta Design Capacity na Full Charge Capacity. Ya pili ikiwa chini ya nusu ya ya kwanza, hiyo betri imechoka, omba punguzo au nyingine. Kwetu betri ya laptop ndiyo UPS (umeme wa akiba): umeme ukikatika kwenye kompyuta ya mezani, kazi ambayo haijahifadhiwa imekwenda.

Kibodi. Fungua Notepad (programu ndogo ya kuandikia iliyomo ndani ya Windows) ubonyeze kila herufi, namba na nafasi. Herufi moja iliyokufa, hasa A, kwa Kiswahili ni kilema.

Office ya kukreki achana nayo. Zile programu za kuifungulia zinakutaka uzime kinga ya virusi kwanza, sasa jiulize kwa nini. LibreOffice ni bure na inafungua mafaili ya Word na Excel. Word ya kwenye kivinjari nayo ni bure ukiwa na akaunti ya Microsoft, ila inataka bando.

#4 · SaibaMan (Nairobi)

Fundi amesema kweli, naongeza mtego wa kibodi. Laptop nyingi za mtumba zinatoka Uingereza na kwingineko Ulaya, na Windows inawekwa upya kwa mpangilio wa Marekani. Matokeo yake kilichochapwa juu ya kitufe sicho kinachotokea kwenye skrini. Kwa kibodi ya Uingereza alama ya @ imechapwa karibu na Enter, na juu ya 2 kuna alama ya kunukuu. Windows ikiwa ya Marekani zinabadilishana. Mwanafunzi anahangaika nusu saa kuandika anwani ya imeli, anaambiwa si sahihi, naye anaandika kile anachokiona kwa macho yake.

Jaribu Shift+2 ndani ya Notepad. Ukipata @ ilhali kitufe kinaonyesha alama ya kunukuu, nenda Settings, Time & language, Language & region, ongeza kibodi ya United Kingdom. Kubadilisha kati ya kibodi mbili ni kitufe cha Windows na spesi. Hiyo spesi wengi huigonga kwa bahati mbaya na kibodi inageuka katikati ya sentensi, basi ukimaliza ondoa ile usiyoitumia. Za Ujerumani Y na Z zimebadilishana mahali. Za Ufaransa A iko pa Q. Hizo mbili anayeanza asinunue hata zikiwa bei rahisi.

Jambo la pili ni bando. Ukiunganisha laptop kwa hotspot ya simu, Windows inaona Wi-Fi kama ya ofisini na inaanza kupakua masasisho. Bando la wiki laisha kabla ya chai. Nenda Settings, Network & internet, Wi-Fi, fungua sifa za mtandao huo, washa Metered connection. Fanya hivyo kwa kila hotspot mpya. Ila mara moja kwa mwezi mpeleke mahali pa Wi-Fi ya bure asasishe, asiache kabisa.

#5 · Mtaa_wa_Pili

Shukrani wakuu. Swali la haraka: kwa miaka 46, vidole kumi vya nini? Si achape kwa viwili tu?

#6 · KaraniWaZamani

Vidole viwili vinafika, lakini macho yake yatakuwa kwenye kibodi muda wote. Ataandika mistari mitatu akiwa amegusa Caps Lock bila kujua, ainue kichwa, akute yote ni herufi kubwa. (Dawa: achague maandishi hayo, Shift+F3 ndani ya Word.) Vidole kumi ni kwa ajili ya macho kuliko mbio.

Papasa kibodi: F na J zina kijinundu. Vidole vya shahada vinalala hapo. Kushoto: A kidole cha mwisho, S cha pete, D cha kati, F shahada. Kulia: J shahada, K cha kati, L cha pete. G na H zinafikiwa na vidole vya shahada. Gumba ni la spesi.

Programu za mazoezi karibu zote ni za Kiingereza, na mtu mzima anachoka kuchapa maneno asiyoyafikiria. Bahati nzuri mstari wa katikati unatoa Kiswahili kizima: dada, kaka, lala, saa, kaa, haja, shaka, hasa, hadaa. Sentensi ya siku ya kwanza, mara ishirini bila kutazama chini:

dada akaa kaka alala

Siku ya tatu ongeza I na U za mstari wa juu, kisha M na N za chini, umeshapata sehemu kubwa ya maneno yetu. Q na X atakutana nazo kwenye Excel tu.

Tahadhari moja ya Kiswahili: A ndiyo inayorudi mno, na iko kwenye kidole dhaifu kuliko vyote. Kitauma siku za mwanzo. Apumzike kila dakika kumi, kifundo kisikunjwe kuelekea juu, na zile miguu za nyuma za kibodi azilaze. Akijilazimisha saa nzima siku ya kwanza, wiki nzima hatashika tena.

#7 · BintiPangani

Mmesahau macho. Mtu wa miaka 46 pengine ana miwani ya kusomea, na miwani hiyo imepimwa kwa umbali wa kitabu, kama sentimita 40. Skrini inakaa sentimita 50 hadi 70. Akisogea karibu shingo inauma, akikaa mbali herufi zinafifia, na yeye anasema "kompyuta inaniumiza kichwa".

Settings, System, Display, Scale: weka asilimia 125 au 150. Kwenye Word na kivinjari ashike Ctrl na kuzungusha gurudumu la mausi. Mshale wa mausi nao ukuzwe na upewe rangi, uko Accessibility, Mouse pointer and touch. Wanafunzi wazima wanapoteza muda mwingi sana kutafuta mshale umeenda wapi, ila hawasemi kwa sababu wanaona aibu.

#8 · MwalimuJioni

@BintiPangani hilo la mshale liandikwe ukutani.

Sasa mafaili. Hapa msiharakishe, mpeni wiki nzima. Zoezi halihitaji Word, Notepad inatosha.

Kitufe cha Windows na E kinafungua File Explorer. Aingie Documents, abofye kitufe cha kulia mahali patupu, New, Folder, aandike DUKA. Ndani yake atengeneze BARUA, HESABU, VIBALI. Halafu Notepad: aandike mstari mmoja, Ctrl+S, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Dirisha linamuuliza mambo mawili, jina na mahali, na wanaoanza wanajibu jina tu. Mfundishe kusoma kwa sauti: "Nahifadhi nini, wapi?" Asome njia iliyoandikwa juu, Documents, DUKA, BARUA, ndipo abonyeze Save. Kisha afunge kila kitu, azime mashine, awashe, alitafute faili lile. Arudie na mafaili kumi. Akipata yote kumi bila msaada, nusu ya kozi imekwisha.

Kwenye Word mpya Ctrl+S ya kwanza inaleta kidirisha kidogo kinachopendelea kuweka faili OneDrive, ghala la Microsoft la mtandaoni. Anayeanza abonyeze F12. Inaleta dirisha kamili la kuchagua mahali. Kwenye laptop nyingi ni Fn na F12.

Majina. Windows inakataa alama hizi kwenye jina la faili: \ / : * ? " < > |. Kwa hiyo "Barua 15/01/2026" inagoma, na kumbukumbu namba zetu zenye mikwaju zinagoma vilevile. Aandike 2026-01-15 barua ya kibali. Mwaka ukitangulia, mafaili yanajipanga yenyewe kwa tarehe. Asiache Document1, Document1 (2), mwisho, mwisho kabisa.

Mtego mwingine unaoliza watu: kufungua faili moja kwa moja kutoka kwenye imeli au ndani ya folda ya ZIP, kulirekebisha, kulifunga, kisha kulituma lile la zamani. Lililofunguliwa hivyo ni nakala ya muda. Kwanza alipakue, aende Downloads, alihamishie folda yake, ndipo alifungue.

#9 · Kijiwe_Net

Mnamchosha mtu bure. Aweke kila kitu Desktop, anakiona, basi.

#10 · MwalimuJioni

Kwa mafaili kumi uko sahihi, kwa mia mbili hapana. Ila nakubali kwenye hili: aweke *njia ya mkato* ya folda ya DUKA kwenye Desktop. Bofya kulia juu ya folda, Show more options, Send to, Desktop. Kitu kinabaki pake, mlango uko mbele ya macho. Na akipoteza faili, asianze kulia: File Explorer, Downloads au Documents, panga kwa Date modified. Alilogusa mwisho liko juu.

#11 · HesabuZaDuka

Excel ni uwanja wangu, na kwa mwenye duka nitasema mambo ya kuharibu hesabu tu, maana kujumlisha kila mtu atamfundisha.

1. Bei zisiandikwe 50,000/= wala Sh 50000. Ukiongeza herufi au alama ile, Excel inaichukua kama maneno. Inaegemea kushoto mwa kisanduku (namba halisi huegemea kulia), na =SUM(B2:B31) inairuka kimyakimya. Haitoi kosa, inatoa jumla pungufu, na hiyo ni mbaya kuliko kosa. Njia ya kugundua: chagua safu nzima, tazama ukingo wa chini wa dirisha. Ukiona Sum, kuna namba. Ukiona Count peke yake, yote ni maneno. Linganisha pia Count na Numerical Count kama imewashwa. Kurekebisha: Ctrl+H, tafuta /= na sehemu ya kubadilishia iache tupu, Replace All. Kama anapenda kuiona /= kwenye karatasi, achague safu, Ctrl+1, Custom, aandike #,##0"/=" na yeye achape 50000 tupu.

2. Namba za simu. 0712… inakuwa 712… kwa sababu sifuri ya mbele kwa namba haina maana. Safu hiyo ibadilishwe kuwa Text *kabla* ya kuandika.

3. Namba ya NIDA (ya kitambulisho cha Taifa, Tanzania). Hii ni hatari kweli na ofisi nyingi zimeumia. Ina tarakimu 20. Excel inashika tarakimu 15 tu za namba. Kuanzia ya 16 zote inazigeuza sifuri, halafu inaonyesha kitu kama 1.97903E+19. Ukibadilisha safu iwe Number utaona namba ndefu yenye sifuri tano mwishoni, ukadhani ndiyo. Siyo, na zile tano hazirudi, labda uziandike upya kutoka kwenye kitambulisho. Text kwanza, au chapa na vistari vyake kama ilivyo kwenye kadi.

4. Tarehe. Chapa 25/12/2025. Ikiegemea kushoto, mashine iko kwenye mpangilio wa Marekani, mwezi kabla ya siku. Hapo 03/04 utaisoma tarehe 3 Aprili na yenyewe inaisoma Machi 4. Badilisha Regional format iwe ya Tanzania, Kenya au Uingereza, kisha uandike tarehe upya.

5. Kupanga majina ya wadaiwa kwa alfabeti. Akichagua safu ya majina peke yake, Excel inauliza: Expand the selection au Continue with the current selection. Akikubali ya pili, majina yanahama na madeni yanabaki. Deni la mmoja limekuwa la mwingine. Ctrl+Z upesi. Kinga ni kubofya ndani ya orodha, Ctrl+T, Enter, mistari inafungamana.

Alama ####### siyo kosa, ni safu nyembamba. Bofya mara mbili kwenye mstari ulio kati ya herufi za safu, juu kabisa.

#12 · KaraniWaZamani

Word kwa ufupi, maana barua ya kikazi ina sehemu chache.

Kosa la kwanza la wanaoanza ni kupanga kwa spesi: wanapiga spesi thelathini kupeleka anwani kulia, na Enter kumi na mbili kufika ukurasa wa pili. Inapendeza kwenye skrini yake. Ikifunguliwa steshenari kwenye fonti nyingine, kila kitu kinatawanyika. Kupeleka kulia ni Ctrl+R, katikati Ctrl+E, ukurasa mpya Ctrl+Enter. Ctrl+Shift+8 inaonyesha spesi kama vidoti, aone mwenyewe uchafu aliouweka.

Ukubwa wa karatasi: Layout, Size, A4. Word nyingi huja na Letter ya Marekani, pana kidogo na fupi kwa karibu sentimita 2 kuliko A4. Sahihi inasukumwa ukurasa wa pili peke yake, au printa inagoma ikidai karatasi ambayo haipo.

Mistari myekundu chini ya kila neno la Kiswahili inamtia hofu mgeni. Ctrl+A, Review, Language, Set Proofing Language, weka tiki Do not check spelling or grammar. Na akiorodhesha (a), (b), (c), ile ya tatu itageuka ©. Ctrl+Z mara moja, inarudi.

Mwisho F12, aina ya faili PDF. Steshenari apeleke PDF, ya Word abaki nayo.

#13 · SaibaMan (Nairobi)

Hiyo ya PDF ni muhimu pia kwa kupakia vyeti. Picha za simu: zihamishie kwenye kompyuta, zichague zote, bofya kulia, Print, chagua Microsoft Print to PDF. Inatoka faili moja, kurasa kwa mpangilio. Mfumo ukilalamika faili ni kubwa, usibadilishe jina tu. Piga picha upya kwa programu ya kuskani ya simu, Google Drive inayo, inakata pembe na kupunguza uzito.

Na akifanyia kazi saiba (duka la intaneti): afungue dirisha la faragha, Ctrl+Shift+N kwa Chrome na Edge. Kivinjari kikiuliza kuhifadhi nywila, akatae. Akimaliza aingie Downloads, achague mafaili yake, Shift+Delete, hayo hayapitii Recycle Bin, kapu la taka la Windows. Nywila ya imeli asimwachie mhudumu hata kama ni jirani. Kupitia imeli ndiko akaunti nyingine zote zinarejeshwa. Kwa Kenya, mwisho wa marejesho ya kodi ya mtu binafsi ni 30 Juni, na siku zile saiba zikijaa watu huacha akaunti zao wazi ovyo.

#14 · Mtaa_wa_Pili

Wakuu, mmetoa darasa. La mwisho: flashi ikirudi kutoka steshenari folda zote zimegeuka shortcut, kila moja ina KB 1 au 2. Wanasema ifomatiwe. Kweli?

#15 · FundiMkongwe

Usifomati! Kazi ziko ndani, zimefichwa tu. Kirusi hicho huzipa folda zako sifa ya kufichwa na ya mfumo, halafu kinaweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Ukiibofya, inakufungulia folda yako *na* inakipandisha kirusi kwenye kompyuta. Ndiyo maana watu wanaibeba miezi bila kujua.

Usibofye yoyote. Chomeka, angalia flashi imepewa herufi gani, tuseme E. Anza kuisafisha: bofya kulia juu ya flashi, Scan with Microsoft Defender. Kisha Windows na R, cmd, Enter, andika:

attrib -h -r -s /s /d E:\*.*

Enter, subiri mstari urudi. Ukikosea nafasi kati ya vistari itagoma. Fungua flashi, folda zako zitaonekana pamoja na zile za mkato. Wakati mwingine zote zimesukumiwa ndani ya folda moja isiyo na jina, ingia humo. Nakili kazi zako tu kwenye kompyuta, siyo zile zenye mshale mdogo pembeni wala faili lolote la .vbs au .lnk. *Sasa* ndiyo ufomati flashi na kurudisha kazi.

Kama steshenari ile ndiyo pekee mtaani, usipeleke tena flashi yenye kazi. Nunua ndogo ya GB 4, weka PDF moja unayoprinti siku hiyo, ukirudi nyumbani ifomati kabla ya kuifungua.